Moyo wa Kambale

Bibi alimkata kambale juu ya jani la mgomba, nyuma ya nyumba yetu Matema, ukungu ukiwa bado umefunika milima ya Livingstone. Kichwa huku, matumbo kule. Moyo, mdogo kama harage, ukabaki peke yake kwenye jani, unadunda. Mpwa wangu wa miaka saba akachuchumaa kuutazama.

"Mjomba, bado yuko hai?"

Nilikuwa likizo, mwaka wa pili chuoni, nasoma baiolojia, na kipindi kile hakuna swali lililonishinda. Nikamwambia amekufa, ile ni kalsiamu tu. Seli za moyo zina vijilango kwenye utando wake. Umeme mdogo ukipita vinafunguka, kalsiamu inaingia, misuli inajikunja. Kalsiamu ikiondolewa, inalegea. Moyo hausubiri amri ya ubongo. Mwaka 1883, kule London, Sydney Ringer alionyesha kwamba moyo wa chura uliokwisha kutolewa mwilini hukoma upesi ndani ya maji ya chumvi tupu, lakini ukitiliwa kalsiamu kidogo unaendelea kupiga.

Mtoto akanisikiliza hadi mwisho. "Na wa bibi?"

Bibi ana presha. Kila siku anameza amlodipini, dawa inayoziba vijilango vya kalsiamu vya jamii hiyohiyo, hasa kwenye mishipa ya damu. Kwa hiyo jibu lilikuwa ndiyo, na wa bibi pia. Lakini kwa bibi nisingethubutu kuongeza lile "tu".

Bado naamini moyo ule kwenye jani haukuumia. Hauna ubongo, hauna wa kuumia. Ila maelezo yangu yalikuwa ya kweli vilevile saa moja kabla, kambale akiwa mzima. Kama yanamwondolea mtu lawama, yanamwondolea kwa kila kiumbe chenye moyo. Na wakati sisi wawili tunakodolea macho kile kinachocheza, kambale wa pili alikuwa ndani ya ndoo isiyo na maji, ametulia kimya tangu alfajiri. Kambale huvuta hewa kama sisi, ndiyo maana anaweza kukaa hivyo saa nyingi. Kama kulikuwa na maumivu pale uani, yalikuwa ndani ya ndoo, na hakuna aliyeiangalia.

Nikamwambia bibi tumuue huyo sasa hivi, asiendelee kuteseka.

"Wa kula usiku nimuue asubuhi? Friji unayo wewe?"

Sikuwa nayo. Ukimwacha hai, haozi; hiyo ndiyo friji ya watu wengi ninaowajua, na wengi wao ni wapole kuliko mimi. Nilichoweza ni kumtilia maji ndooni. Sijui, pengine nilimwongezea tu saa za kungoja.

Jioni mchele uko jikoni, bibi akaniita, akanipa mchi.

"Haya, msomi. Kichwani, mara moja."

Nilipiga mara tatu.