Nani Mwenye Hatia ya Degedege?

Mtoto akishikwa na degedege usiku pale Katubuka, mjini Kigoma, kabla hata ya kutafutwa usafiri wa kwenda hospitali ya Maweni, huenda akatafutwa mkosaji: mama amevunja mwiko gani, baba ana deni gani kwa Mungu, jirani yupi ana kijicho. Degedege huweza kuletwa na malaria, kwa hiyo si swali dogo katika mkoa ambao mwaka 2017 uchunguzi wa kitaifa uliwakuta karibu robo ya watoto wa chini ya miaka mitano wana vimelea vya malaria, ilhali kwa nchi nzima walikuwa kama 7 katika kila 100. Nami nadai kwamba kulitafuta kosa nyuma ya homa ni kumsingizia Mungu, na ushahidi wangu naanza kuuchukua ndani ya seli, kwa protini zinazowasha na kuzima jeni za kinga.

Mojawapo ni NF-kB, iliyoelezwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore huko Marekani. Seli ikiwa shwari, NF-kB hukaa nje ya kiini, imeshikiliwa na protini nyingine, IkB. Seli ya kinga ikihisi masalia ya kimelea, IkB huvunjwavunjwa, na NF-kB huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za ulinzi, ikiwamo ya TNF, ambayo huchangia kupandisha homa. Cha ajabu, miongoni mwa jeni inazoziwasha imo ya IkB yenyewe: askari aliyetoka kupigana amemwita atakayemrudisha kambini. Ipo pia protini A20, nayo huamshwa vivyo hivyo ili kuzuia ghadhabu ya askari huyo. Panya waliozaliwa bila jeni ya A20, kama ilivyoripotiwa mwaka 2000, walikufa wachanga kwa uvimbe wa viungo vingi. Katika malaria kali, uvimbe uliopita kiasi huungana na seli nyekundu za damu zenye vimelea zinazoziba mishipa midogo ya ubongo. Mwendo huu ni uleule kwa mtoto wa shehe, wa mchungaji na wa mwizi.

Atasema mtu: basi ni Mungu aliyemwekea mtoto silaha ya kumuua. Pingamizi hili ni zito, wala silikwepi. Lakini silaha hiyo haitengani kirahisi na ulinzi. Mwaka 1982, huko Thailand, wagonjwa wa malaria ya ubongo walipewa deksamethasoni, ambayo hutuliza uvimbe, pamoja na mambo mengine, kwa kuizuia NF-kB. Haikupunguza vifo, na waliopona walichelewa zaidi kuzinduka. Hilo halikigeuzi kifo cha mtoto kuwa chema, na mama asiambiwe hivyo. Mwingine atasema kwamba protini zikishaeleza kila kitu, Mungu hana nafasi. Hapana: chanzo ni jambo moja, hatia ni jingine, na kilichoondolewa hapa ni hatia. Ayubu, anayeheshimiwa misikitini Ujiji na makanisani Kigoma, aliumwa akiwa mwadilifu. Katika Biblia, waliokemewa ni marafiki waliomtafutia dhambi. Hayo yanafaa kusemwa mimbarini waziwazi, kwa sababu saa anazohojiwa mama ndizo saa ambazo dawa ya malaria, artesuneti, ingekuwa imeshaanza kuwaua vimelea.