Mwili Tunaouonea Haya

Tunafundishwa kwamba mwili ni hekalu la Roho. Lakini tukitoka ibadani hapa Tunduma, malori yakiwa yamepanga foleni kuvuka kwenda Nakonde, tunapita mbele ya vilabu vya pombe, na ndani wamo vijana tuliowabatiza wenyewe. Tunatikisa vichwa na kusema: ulevi. Swali letu ni hili: je, ulevi ndio mwanzo wa jambo, au ndio mwisho wake?

Tunamfahamu mmoja wao, hatutamtaja. Aliimba sauti ya tatu kwaya. Tangu utotoni aliambiwa ana mwendo wa kike, kifua chake si cha mwanamume. Naye alijua, bila kumwambia mtu, kwamba moyo wake huvutwa na wanaume wenzake. Akanyanyua vyuma, akajinyima chakula, mwishowe akanywa. Alituambia: "Nikilewa, ndipo mwili wangu unaponiacha nipumzike."

Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku viroba, ikafanya vema. Pakiti zikaondoka madukani, haya ikabaki moyoni. Mwaka huohuo vituo 40 nchini vilizuiwa kutoa huduma za UKIMWI kwa makundi kama lake. Sheria nayo hutoa kifungo cha miaka 30 hadi maisha kwa tendo lenyewe. Basi mtu huyu akitaka kuacha pombe, atamweleza nani kinachomnywesha?

Wapo watakaosema: tukimpokea, tunabariki dhambi. Hoja hiyo tunaisikia, wala sisi wenyewe hatuna kauli moja juu yake. Ila tutenganishe mambo. Kufundisha ni kazi moja. Kuudharau mwili wa mtu ni nyingine kabisa. Yesu alimgusa mwenye ukoma kabla hajatakasika, si baada. Na kama mwili ni hekalu, basi tuliomcheka kijana yule mazoezini tulikuwa tukibomoa kuta zake. Pombe iliingia palipokwisha kubomoka.

Kwa hiyo toba ianzie kwetu. Tuache mizaha ya mwendo na sauti. Akija kutueleza siri yake, tuitunze. Akitaka kwenda hospitali, tumsindikize na tumngoje nje hadi atoke. Nafasi yake kwenye kwaya bado iko wazi. Tumwambie hivyo sisi wenyewe, asiisikie kwa watu.