Kupima Nchi na Kuijua

Je, aliyeipima nchi ameijua? Swali hili lamhusu mpima ardhi, na lamhusu pia kila mtu apewaye madaraka juu ya watu asioishi nao.

Hapa Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, mwanafunzi akifungua ramani yenye skeli ya 1:50,000 hufahamu kwamba sentimita moja ya karatasi ni mita 500 za ardhi. Mistari ya kontua iliyosongamana humwonyesha mteremko mkali. Mstari wa buluu humwonyesha njia ya Mto Ruvu kuelekea Bahari ya Hindi. Huo ni ujuzi mkubwa. Mkulima wa Matombo na mnywaji wa maji Dar es Salaam hawajuani, lakini ramani huwakutanisha: udongo ukimomonyoka kwa mmoja, maji huchafuka kwa mwingine.

Hata hivyo, ramani ile haisemi kwamba shamba ni la ukoo, wala kwamba Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Haisemi udongo wenye rutuba una kina gani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliwaamuru wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuhifadhi ardhi. Kazi ilikuwa nzito. Udongo mwembamba wa juu ukafukiwa, na ule usio na rutuba ukajitokeza. Tena watu walihofu kunyang'anywa ardhi yao. Julai 1955 ghasia zikazuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango ule ukaachwa.

Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, na kuuzuia lilikuwa jambo jema. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mwenye vipimo hana haja ya kuuliza. Wahenga walisema: akili nyingi huondoa maarifa. Lakini mwenyeji naye asijivune, kwani ajuaye kila jiwe la bonde lake aweza asijue maji yake humfikia nani.

Basi, mwalimu wa jiografia na awapeleke wanafunzi wake bondeni, ramani mkononi, wawaulize wakulima majina ya vijito na sababu ya kulima hapa na kuacha pale. Atakayejifunza hivyo, siku akipewa madaraka, atauliza kwanza kabla ya kuamuru.