Kutambua Si Kuamini

Programu ya usalama iliyo kwenye kompyuta yangu haijui kwetu. Nimekaa kwenye hii bedsita miaka mitatu, na kwenye ploti mtoto wa jirani huingia kwangu bila hodi. Lakini fundi wa intaneti akija kubadilisha rauta tu, ujumbe mwekundu unatokea: uko kwenye mtandao usiojulikana, tumekufungia. Jina la mtandao ni lilelile, nywila ni ileile, ukuta ni uleule wenye unyevu. Printa iko hatua mbili kutoka kitandani, na kompyuta inaapa haijaiona. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, nalipwa kwa makala. Saa ninayobishana na programu hakuna anayeilipia.

Tuitendee haki kwanza. Kompyuta haioni nyumba. Ili ijue iko wapi, aghalabu hutazama namba ya kifaa ambayo rauta hupewa kiwandani, mchanganyiko wa herufi na tarakimu 12. Boksi likibadilika, namba imebadilika, na nyumba imehama ingawa wewe hujasonga hata kiti. Na inafanya vizuri kutoridhika na jina. Mtu yeyote akiketi kwenye mkahawa anaweza kuipa hotspoti yake jina la mkahawa ule, kisha asubiri wateja wajiunge wenyewe. Kwenye mitandao, jina ni nguo tu, na nguo huazimwa.

Watu wa usalama wana falsafa nzima kuhusu jambo hili. Mwaka 2010, John Kindervag, mchambuzi wa kampuni ya Forrester huko Marekani, alieneza wazo la kutomwamini yeyote kwa sababu tu yuko ndani. Zamani mtandao uligawanywa kama boma: nje ni maadui, ndani ni ndugu. Yeye akasema mgawanyo huo ndio unaompa mwizi raha, kwa sababu akishavuka ua hakuna anayemuuliza kitu. Mswahili hawezi kushangaa. Kikulacho ki nguoni mwako, tuliambiwa tukiwa wadogo.

Kwa hivyo ugomvi wangu hauko kwenye shaka yenyewe. Uko kwenye lile neno ambalo programu hulitumia kwenye kitufe: amini.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo Annette Baier sikufundishwa na mtu. Nilimsoma mwenyewe kwa bando la usiku. Mwanafalsafa huyu wa New Zealand aliandika mwaka 1986 insha kuhusu uaminifu na kinyume chake, na hoja yake moja haijaniacha. Kumwamini mtu, alisema kwa namna yake, ni kumwachia nafasi ya kukuumiza, ukitegemea kwamba hataitumia. Kama hana nafasi hiyo, basi hujamwamini, umemchunga tu.

Chukua soja wa geti. Wiki ya kwanza anakuitisha kitambulisho na kukuandikisha kwenye kitabu. Mwezi wa tatu anakwambia, "Pita tu." Macho yake hayajaongezeka nguvu. Kilichobadilika ni kwamba sasa ameweka kazi yake juu yako: ukiiba, yeye ndiye atafutwa. Hiyo "pita tu" ina bei, na yeye ndiye ameilipa. Programu haiwezi kufika hapo. Haina kazi ya kupoteza wala jina la kuchafuka. Inaweza kutambua, lakini haiwezi kuamini, kwa sababu hakuna inachohatarisha.

Ungesema hii ni hasira ya mtu aliyekosa kuchapisha karatasi zake. Ingekuwa hivyo kama mantiki hii ingebaki ndani ya kompyuta. Lakini Novemba 1989 serikali ya Kenya iliwaamuru Wakenya wa asili ya Kisomali, wenye miaka 18 na zaidi, wajitokeze wathibitishe kwamba ni wa hapa, na waliopita wakapewa kadi za ziada za rangi ya waridi. Wanubi wa Kibera, ambao wazee wao waliletwa na Waingereza kama askari zaidi ya miaka mia iliyopita, kwa miaka mingi walipelekwa mbele ya kamati kabla ya kupata kitambulisho ambacho jirani yao alikichukua kama karatasi ya kawaida. Lete cheti cha babu. Lete cha baba ya babu. Sisemi printa yangu ni sawa na maisha ya hao. Kulinganisha hivyo ni utovu wa adabu. Nasema mpangilio ni mmoja: aliye kwake ndiye anatakiwa kuthibitisha kwamba yuko kwake, na anayeuliza hapotezi chochote akikosea. Shaka isiyomgharimu mwenye kushuku haina sababu ya kuisha.

Jamaa yangu anayefanya kazi ya mifumo huniambia: heri ufungiwe mara kumi kuliko kuibiwa mara moja. Sawa, lakini mwenye kufungiwa mara kumi hafanyiki makini zaidi. Anachoka. Mara ya kumi na moja anabonyeza "ndiyo" bila kusoma, au anaizima programu yote. Mbwa anayebwekea kila mpita njia, mwishowe mwenye nyumba hujifunza kulala.

Kwa hivyo dai langu ni dogo. Anayenishuku naye abebe kitu: aseme ameona nini, akumbuke nilichomjibu jana, na akubali ushahidi wa watu, si wa maboksi pekee. Kwetu mgeni hakuwahi kuaminika kwa sababu ya namba iliyoandikwa mgongoni. Aliaminika kwa sababu kuna mtu alisimama na kusema, "Huyu ni wangu," na tangu hapo akiharibu, ni aibu ya aliyesema.

Rauta yetu tunachangia nyumba tatu: mimi, mama wa mlango wa nne, na jamaa wa boda. Nikibonyeza "amini", kompyuta inaandika kwamba nimekubali boksi. Boksi silijui. Ninaodhamini ni watu wawili wanaoweza kunidhuru kesho, na ninajua hivyo, na bado nabonyeza.