Simu Mfukoni na Nafasi ya Dhambi

Msomaji wetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi na baba wa watoto wanne, ametuletea swali ambalo tumeona si vema kulijibu kwa barua ya faragha tu, maana twajua wengi wanalo moyoni. Auliza kama yampasa kuiacha simu janja yake na kurudi kwenye simu ndogo ya batani, ile tuiitayo kitochi. Asema kwamba kila usiku, watoto wakiisha kulala, huichukua simu kwa nia ya kutazama habari kidogo, na mara saa sita humkuta bado akiitazama. Sala ya jioni ya jamaa imekufa nyumbani mwake. Mkewe amekoma kumsemesha wakati wa chakula. Na yako mengine aliyoyaandika ambayo hatuwezi kuyachapa hapa, lakini mtu mzima atayafahamu. Alipowadokezea walimu wenzake nia yake, walimcheka.

Sisi hatumcheki. Swali lake ni swali la roho, ingawa limevaa nguo ya dukani.

Kwanza asije mtu akasema kwamba gazeti la Kanisa lapiga vita maendeleo. Papa Pio XII, katika waraka wake *Miranda Prorsus* wa tarehe 8 Septemba 1957, aliyaita maarifa ya sinema, redio na televisheni kuwa ni vipaji vitokavyo kwa Mungu, ijapokuwa hupatikana kwa akili na juhudi ya wanadamu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya vyombo hivyo tarehe 4 Desemba 1963, na humo ukawaambia wasomaji, watazamaji na wasikilizaji kwamba wao nao wana wajibu: kuchagua, kuwa na kiasi, kujitawala. Hakuna mtu siku zile aliyeijua simu ya mfukoni. Walakini mafundisho yale yaifaa simu hata kuliko sinema, maana sinema ilikuwa na mlango, na ilifungwa usiku. Simu hulala nasi kitandani. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa tukiangalie hicho kitochi kwa haki. Chapiga simu na kupokea. Chapeleka ujumbe. Chatuma fedha na kupokea fedha kwa kubonyeza nyota na reli. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, mamilioni ya watu wametumia simu za namna hiyo kulipa ada na kuwatumia wazazi wao fedha. Kina tochi, na mara nyingi kina redio. Betri yake hukaa siku kadhaa, jambo ambalo wa vijijini hawahitaji kuelezwa faida yake. Kumbe mengi ya yale tuyaitayo lazima, kitochi chayaweza. Yasiyowezekana ni picha, video, makundi ya WhatsApp, na intaneti. (Lakini mnunuzi aangalie vema dukani, maana siku hizi ziko simu za batani zenye intaneti ndani yake. Akinunua hiyo amebadili ganda tu.)

Je, mtu aamue kwa kipimo gani? Kipimo tunacho tangu zamani, nacho kinafundishwa katika mafundisho juu ya kitubio. Kanisa latufundisha kukimbia si dhambi tu, bali na nafasi ya dhambi. Nafasi hiyo yaweza kuwa ya mbali au ya karibu. Ya karibu ni ile ambayo mtu fulani, kwa udhaifu wake yeye, akiingia humo kwa kawaida huanguka. Tena yaweza kuwa ya hiari au ya lazima. Ya hiari ni ile awezayo mtu kuiacha bila hasara kubwa. Ya lazima ni ile aliyofungwa nayo na kazi yake au wajibu wake. Nafasi ya karibu iliyo ya hiari ni sharti iachwe. Asiyetaka kuiacha hajakusudia bado kuacha dhambi yenyewe, hata akipiga kifua mara mia. Nafasi ya lazima haiwezi kuachwa, lakini ni sharti ifanywe kuwa ya mbali kwa sala, kwa masakramenti, na kwa sheria kali ambayo mtu hujiwekea. Hili ndilo jambo ambalo Bwana wetu Yesu Kristu alilisema kwa maneno makali aliponena juu ya jicho na mkono unaokosesha. Jicho ni kitu chema, tena ni cha thamani kuliko simu.

Basi, kila mmoja ajiulize mambo mawili. Je, simu hii kwangu mimi, si kwa jirani, ni nafasi ya karibu? Na je, kweli ni ya lazima?

Katika swali hili la pili ndipo watu hujidanganya. Wote tunasema ni kwa ajili ya kazi. Mwalimu asema mkuu wa shule hupeleka matangazo katika kundi la walimu. Vema, amwendee mkuu na kumwomba amtumie ujumbe wa kawaida, aone kama atakataliwa. Mfanyabiashara asema wateja wataka picha za bidhaa. Huenda ni kweli. Lakini wateja hao hawatazami bidhaa saa sita ya usiku. Mtu achukue karatasi, aandike kwa juma moja kila jambo alilofanya na simu na saa alizotumia, kisha ampe mwenzi wake wa ndoa asome. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko mahubiri yetu.

Tena ajaribu njia nyepesi kwanza. Ifikapo saa tatu ya usiku simu iingie kabatini na ufunguo ashike mwingine. Aliyejaribu hivyo akafaulu hana haja ya kununua simu nyingine, naye aendelee kwa amani. Lakini aliyejaribu mara tano, mara tano akaamka usiku kuutafuta ufunguo, angoja nini?

Twapaswa pia kusema ukweli ambao wauzaji wa dawa za haraka hawausemi. Kitochi hakiponyi yote. Kamari ya michezo, ambayo imeteketeza mishahara ya vijana wengi, huchezwa pia kwa ujumbe mfupi na kwa nyota na reli. Mikopo ya simu nayo hupatikana humo humo. Mwenye ugonjwa huo akibadili simu na kukaa kimya amehama chumba katika nyumba ile ile iwakayo moto. Huyo amwambie mkewe, amwambie padre, na mshahara wake upite katika mikono ya mtu mwingine mpaka apate nguvu.

Kwa upande mwingine wako watu ambao haifai wafuate mkumbo. Mama aliye na mwanawe ng'ambo, amwonaye uso wake mara moja kwa juma kwa njia ya simu, kwa nini ajinyime? Katekista apokeaye humo masomo na maandishi ya kufundishia, kwake ni chombo cha kazi kama baiskeli yake. Tuna mfano wa kijana Carlo Acutis wa Italia, aliyefariki tarehe 12 Oktoba 2006 akiwa na miaka 15, na ambaye Papa Leo XIV alimtangaza kuwa Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Hakuitupa kompyuta, aliitumia kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi. Lakini yasimuliwa kwamba michezo ya kompyuta alijiwekea saa moja tu kwa juma. Saa moja! Wazazi wawasomee watoto wao sentensi hiyo, kisha wajisomee wenyewe.

Nasi mapadre tusijitoe katika hesabu. Papa Fransisko, tarehe 8 Novemba 2017, alieleza huzuni yake kuona simu zimeinuliwa juu wakati wa Misa Takatifu, si na waamini tu bali hata na mapadre na maaskofu, hali padre altareni hualika mioyo iinuliwe.

Kuna jambo moja zaidi, nalo latuuma. Katika parokia nyingi matangazo yamehamia katika makundi ya WhatsApp: saa ya mazishi, michango, mabadiliko ya saa ya Misa. Mjane mwenye kitochi husikia habari za msiba wa jirani yake baada ya kaburi kufunikwa, kisha huulizwa kwa nini hakuja. Jumuiya Ndogo Ndogo ya namna hiyo imejigawa yenyewe kati ya wenye bando na wasio na bando. Makatibu wa jumuiya wawe na orodha ya wasio na simu janja, na wawapigie, au wamtume mtoto kubisha hodi kama ilivyokuwa desturi. Mtu aliyebadili simu kwa ajili ya roho yake asiadhibiwe na Wakristo wenzake.

Sasa mwalimu wetu tumjibu. Kwa hayo aliyotuandikia, simu ile kwake ni nafasi ya karibu. Na kwa kadiri tuonavyo ni ya hiari. Basi aibadili, wala asingoje Kwaresima. Amwambie mkewe kabla ya kwenda dukani, asije akadhani kuna siri mpya. Majina na namba azinakili katika daftari, kwa kuwa laini haziwezi kuhifadhi zote. Jioni ile ile Rozari ianze tena nyumbani, hata kama ni fumbo moja tu, maana saa zilizoachwa tupu hutafuta mpangaji. Simu ya zamani asimpe mwanawe wa kwanza eti ni zawadi ya kufaulu mtihani. Aifute yote yaliyomo, aiuze. Na fedha itakayopatikana ni fedha ya jamaa, mkewe ndiye aulizwe kwanza.