Mwenye Kutunga Sheria na Mwenye Kuhukumu

Wenye akili wameuliza tangu zamani: mtu aliyetoa amri, je, yafaa awe yeye mwenyewe hakimu wa aliyeivunja? Wengi hudhani kuwa swali hili ni la Wazungu na vitabu vyao. Hutaja Montesquieu na Katiba ya Marekani, kisha wakanyamaza kana kwamba nchi hizi hazina khabari nalo. Lakini mwenye kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, akaendelea hadi Vugha na Mlalo, apita katika nchi ambayo watu wake walilijua jambo hili kabla ya kulisoma.

Wasambaa husimulia kwamba Mbega, mwindaji aliyetoka Ngulu, alipewa enzi kwa mambo mawili: aliwaulia nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, na aliamua ugomvi wao kwa haki. Basi enzi ya Wakilindi tangu asili yake ilikuwa enzi ya mwamuzi. Zumbe ndiye aliyeamuru na zumbe ndiye aliyehukumu, na juu ya wote alikuwako mfalme wa Vugha. Alipokuwa hai Kimweri ye Nyumbai mambo yalikwenda, kwa kuwa mkono wake ulikuwa na nguvu juu ya wanawe aliowapa miji ya kutawala. Alipokufa, mwaka 1862, fitina ikaingia; Semboja wa Mazinde akapigana na jamaa zake, na katika vita vile raia walikamatwa wakauzwa. Aliyedhulumiwa hakuwa na pa kwenda, maana mlango wa kushitaki ulikuwa ndio mlango wa mshitakiwa.

Katika siku zile Wasambaa walipata hoja ambayo yastahili kujibiwa kwa heshima. Wao husema kuna kuiponya nchi na kuna kuiharibu nchi, na kwamba nchi huharibika zikikutana nguvu kwa nguvu: wakuu wawili wakishindana, mvua haiji na njaa huingia. Nchi huponywa akisimama mmoja aliyewashinda wengine. Mwenye hoja hii akiambiwa leo kwamba Bunge lizuiwe na Mahakama, na Mahakama nayo izuiwe na Bunge, atasema: hiyo si nguvu kwa nguvu?

Jawabu lake liko Mlalo. Serikali ya Waingereza, kwa sheria ya 1926, iliwapa wakuu wa wenyeji uwezo wa kutoa amri kwa watu wao. Na kwa sheria ya 1929 mabaraza ya wenyeji yakawekwa chini ya mabwana shauri, wala si chini ya Mahakama Kuu. Mwaka 1946 ukaanzishwa mpango wa kuuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, kisha ukaenezwa Usambara. Mkulima aliamriwa kupiga matuta katika mteremko wa shamba lake. Haisemwi hapa kwamba matuta yalikuwa upuuzi. Udongo wa milima ile huchukuliwa na mvua kweli, na ajuaye Usambara wakati wa masika hatabisha. Lakini kazi ilikuwa nzito mno, khasa kwa wanawake ambao sehemu kubwa ya kilimo ilikuwa mikononi mwao, na mashamba yalikuwa membamba. Asiyepiga matuta alipelekwa barazani akatozwa faini. Na ni nani aliyekaa barazani? Ni wakuu wale wale ambao amri ilitoka kwa jina lao. Akikata rufani, hupanda kwa bwana shauri, naye ndiye aliyekuwa akiihimiza kazi.

Hapo nguvu ilikuwa moja, haikushindana na yoyote, wala nchi haikupona. Chuki ilijaa milimani hata amri ile ikaachwa miaka ya 1950 ilipokuwa yakaribia kwisha. Lau angalikuwako hakimu asiyekuwa na hisa katika amri, huenda angaliwatoza faini wengine na kuwaachilia wengine. Angaliuliza shamba la huyu lina mteremko gani, na mwenye shamba ana mikono mingapi. Amri njema iliharibika kwa kukosa mtu wa kuipima. Na hakimu wa namna hiyo si zumbe wa pili. Nguvu kwa nguvu iliyoharibu Usambara ni ya watu wawili wakitaka kiti kimoja. Hakimu hataki kiti, hana askari wake, wala hakusanyi kodi.

Baada ya uhuru utawala wa machifu uliondolewa, na sheria ya 1963 ikaziunganisha mahakama zote katika ngazi moja, kutoka mahakama ya mwanzo hadi Mahakama Kuu. Mwaka 1998 Bunge likatunga sheria ya kuweka Chuo cha Uongozi wa Mahakama, nacho kiko Lushoto. Jambo hili laonekana dogo, lakini mwenye kutazama ataona kwamba mtunga sheria ametoa fedha kuwafundisha watu ambao kazi yao ni kuipima sheria.

Je, kipimo chenyewe kina uzito gani? Haki za raia ziliingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, na tangu 1988 mtu aweza kuzidai mahakamani. Ibara ya 64 yasema sheria yoyote itakayokwenda kinyume na Katiba itakuwa batili. Kwa nguvu hiyo Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu ya Dodoma mwaka 1993, akidai kwamba raia asiye na chama ana haki ya kugombea. Tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Lugakingira akampa haki hiyo. Mwaka haukwisha Bunge likapitisha Mabadiliko ya Kumi na Moja ya Katiba, na katazo ambalo jaji alilishinda likawekwa ndani ya Katiba yenyewe.

Kwa herufi ya sheria Bunge halikukosea. Katiba yalipa ruhusa ya kuibadili kwa kura za theluthi mbili, na ni haki kwamba majaji wasiochaguliwa na mtu wasiwe na neno la mwisho katika kila jambo. Walakini Bunge lile lilichaguliwa 1990, chama kikiwa kimoja, na karibu wote waliokaa humo walikuwa wa chama hicho. Neno walilokuwa wakiliamua ni nani aruhusiwe kushindana nao 1995. Hapo tofauti yao na zumbe wa matuta ni ndogo kuliko ipendezavyo kusema.

Mtikila akarudi. Mwaka 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu walimpa haki mara ya pili, wakisema mabadiliko yenyewe yamevunja haki za msingi. Serikali ikakata rufani, na mwezi wa Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakatengua, wakasema jambo hili ni la siasa, na aliamue Bunge. Hukumu hii yaweza kutetewa, kwani hakimu anayejipa uwezo wa kuifuta ibara ya Katiba amekuwa naye mtunga Katiba. Lakini ilimrudisha mdai kwenye mlango ule ule aliokuwa akiushitaki.

Alipokosa nyumbani akaenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na tarehe 14 Juni 2013 ikahukumu kwamba Tanzania imevunja Mkataba wa Afrika, ikaiamuru irekebishe Katiba na sheria zake. Mtikila alikufa kwa ajali ya gari mwezi wa Oktoba 2015, majuma matatu kabla ya uchaguzi. Wagombea wote walikuwa wa vyama, na katika uchaguzi wa 2020 kadhalika. Mwezi wa Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lake la 2010, ambalo kwalo raia mmoja mmoja aliweza kuipeleka mbele ya mahakama ile ya Arusha.