Bando Likiisha, Nani Atakupigia?

Kazi ya mwisho niliyopewa kabla ya kuacha masomo ya uuguzi ilikuwa hii: soma utafiti, kisha useme ikiwa tiba ya mazungumzo ya mtandaoni inamsaidia mwenye sonona sawa na ile ya ana kwa ana. Sikuimaliza. Nilikuwa mwaka wa tatu, nalala mchana kutwa, marafiki wakiuliza nawajibu, "Niko poa, ni uchovu tu." Naimaliza leo, nikiwa nyumbani Isiolo, bila mhadhiri wa kuisahihisha.

Mwaka 2018, Per Carlbring na wenzake walikusanya majaribio 20 yaliyolinganisha njia hizi mbili moja kwa moja. Jibu lao: matokeo yalikaribiana sana. Ukisoma muhtasari tu, utaona mjadala umeisha. Lakini ukiingia ndani unakuta mambo mengine. Majaribio hayo hayakuhusu sonona peke yake, na mengi yalifanyika katika nchi tajiri. Halafu, "mtandaoni" hapo hakukumaanisha mtu na simu yake basi. Upande wa pili kulikuwa na mtaalamu anayesoma majibu yako na kukujibu.

Sasa lete utafiti huo hapa kwetu. Nyumba yetu Bulla Pesa ina vyumba viwili. Siku ya kwanza ya kuongea na mshauri kwa video, Mama alikuwa anapika upande wa pili wa pazia, na mdogo wangu alikuwa anaingia na kutoka akitafuta chaja. Unamwambiaje mtu kwamba huoni sababu ya kuamka, na mama yako anasikia? Nikatoka nje, nikakaa chini ya mwarobaini. Nikafika katikati ya sentensi ambayo sikuwa nimewahi kuisema kwa sauti, bando likaisha.

Nilikaa pale nikiangalia kioo cheusi. Baada ya dakika chache simu ikaita, simu ya kawaida tu. "Ulikuwa unasema nini?" akaniuliza. Nikaendelea.

Hiyo simu ndiyo iliyonifanya nirudi kwenye utafiti na swali tofauti. Mwaka 2021, Eirini Karyotaki na wenzake walichambua data ya watu 9,751 kutoka majaribio 39 ya tiba ya mtandaoni kwa sonona. Safari hii walilinganisha wanaoongozwa na mtu na wanaojiongoza wenyewe. Kwa wenye dalili nyepesi, tofauti ilikuwa ndogo sana. Kwa wenye dalili nzito zaidi, kuwa na mtu kulisaidia zaidi.

Kuna ushahidi unaonipinga, na si haki niufiche. Hapa Kenya, Tom Osborn na wenzake wa Shamiri walijaribu kipindi kimoja tu cha kidijitali kwa wanafunzi 103 wa sekondari, matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Kipindi hicho kilikuwa cha kompyuta, na bado dalili za sonona zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Kwa hiyo mashine inaweza kusaidia. Ila walifuatiliwa kwa wiki mbili, na sonona haina haraka ya kurudi.

Upande wa ana kwa ana nao, kiti peke yake hakitibu. Harare, Dixon Chibanda alianzisha benchi la urafiki, ambapo kina bibi waliopewa mafunzo wanakaa na mgonjwa na kutatua naye tatizo moja baada ya jingine. Katika jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016, baada ya miezi sita karibu asilimia 14 ya waliopitia benchi bado walikuwa na dalili za sonona, dhidi ya asilimia 50 hivi ya wenzao. Kina bibi hao hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wanaokungoja.

Kiswahili chetu kina mtego hapa. "Sawa" maana yake ni kulingana, na pia ni kukubali yaishe. Naogopa siku mpangaji atakaposema: utafiti unasema ni sawa, basi Isiolo wapewe programu, washauri wabaki Nairobi. Na sisi tutajibu, sawa. Lakini usawa wa matokeo kwa watu waliokuwa na chumba, chaji na uhuru wa kujitoa haumpi mtu ruhusa ya kutunyima uchaguzi.

Wakati huohuo, kumwambia mtu asubiri kiti ambacho hakipo ni ukatili pia. Anayetoka Merti anahesabu nauli na mifugo atakayoiacha. Na mji wetu ni mdogo: ukionekana umeketi nje ya kliniki ya akili, habari inafika nyumbani kabla yako. Kwa wengine simu ndiyo faragha pekee waliyo nayo. Kwa hiyo sikatai simu. Nauliza tu: ukikosa kipindi, kuna mtu atakayejua?

Kila utafiti una watu walioacha njiani, na tiba ya mtandaoni isiyo na mwongozi huwapoteza wengi. Wanaandikwa mstari mmoja: hawakupatikana tena. Zamani niliuruka mstari huo. Sasa ndio naoanza nao, kwa sababu najua unavyokaa ukiwa ndani yake. Nilipoacha kuingia darasani chuoni, wiki zilipita, muhula ukaisha, jina langu likaondolewa kwenye orodha. Hakuna aliyenichukia. Hakuna aliyepiga pia.

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu, mwalimu, limechelewa miaka miwili. Tiba ya mtandaoni inaweza kuwa sawa na ya ana kwa ana. Lakini anayetaka kutuletea aseme kwanza ni nani atakayepiga simu, na kwa bando la nani.